Wapeni Basumba Uwanja Wao

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wazee wa mila na vijana, Bujora, Kisesa, wakati wa maandalizi ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma

Mwangaluka!

Banamhala na bagikulu, wazee wetu wa kiume na wa kike, watemi mliotuheshimu kwa kufika, padri wetu na wenyeji wetu wa makumbusho, viongozi wa Bagika na viongozi wa Bagalu, pande zetu mbili za mashindano ya ngoma, nawasalimu kwa heshima zote. Na ninyi vijana mliojikusanya kule nyuma chini ya mti ilhali viti vya mbele viko wazi, nawasalimu pia, ila kwanza nawaomba msogee. Njooni mbele kabisa. Maneno niliyokuja nayo leo ni yenu zaidi kuliko yetu.

Nimeombwa niseme juu ya vijana na urithi wa utamaduni. Hotuba za namna hii tumezizoea. Mzee anasimama, anasema vijana wa siku hizi wameacha mila, wameshikwa na simu na singeli, anawaasa warudi kwenye asili yao, vijana wanapiga makofi, kila mtu anakwenda kula. Mimi leo sina lawama kwa vijana. Ninachoamini, na ninakisema mbele ya wazee wangu bila kuwavunjia heshima, ni kwamba ngoma zetu nyingi za Usukuma zilianzia kwa vijana wa umri wenu, katika kazi yao na ushindani wao. Siku zikipotea, zitakuwa zimepotea kwa sababu tuliwanyang'anya uwanja, tukawaachia kazi ya kubeba vyombo.

Tuanze na basumba. Wazee mnawajua, vijana wengi jina hili mmelisikia kwenye nyimbo tu. Basumba walikuwa vijana wa kijiji, wengi wao hawajaoa, waliojipanga kuwa kundi la kazi. Walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Mtu mwenye shamba kubwa na mikono michache alikwenda kwa nsumba ntale wakapatana: siku fulani, shamba fulani, ujira mnyama wa kuchinja na chakula cha kutosha. Siku ikifika vijana wanakuja na majembe begani, wanajipanga mstari kwenye ukingo wa shamba, ngoma inasimama karibu nao, na ningi, yaani manju wao, anatoa wimbo.

Asubuhi wimbo huanza polepole, maana mwili bado wa baridi na umande uko kwenye majani. Ningi anatoa mstari, wenzake wanaitikia, majembe yanashuka kwa pamoja. Jua linapopanda, pigo nalo linapanda. Anayechoka anaachwa nyuma ya mstari na kila mtu anamwona, hasa wasichana waliokuja kuleta maji. Wimbo unamtaja mvivu kwa jina. Unamtaja mwenye shamba aliyeahidi dume la ng'ombe akaleta mbuzi. Unamtaja karani wa pamba aliyecheza na mizani. Kufikia mchana, wale vijana wamelima eka nyingi na wametunga habari za kijiji kizima, na jioni watu wanaziimba jikoni.

Humo ndimo bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, ilimozaliwa. Pamba ilipoenea Usukuma, hasa miaka ya 1940 na 1950, mashamba yakapanuka na haja ya vikundi vya jembe ikazidi. Jembe likatoka shambani likaingia uwanjani. Sasa niulize: nani aliamuru jembe lirushwe juu, lizunguke hewani na lidakwe kwa mpini? Hakuna mtemi aliyetoa amri hiyo. Hakuna baraza la wazee lililokaa likapitisha. Ni kijana aliyetaka kuonekana kuliko kijana wa mstari wa pili, na mwenzake aliyesema, kama wewe unarusha mara moja, mimi nitarusha huku nimepiga goti.

Waliojaribu wanajua kwamba urushaji ule una elimu yake. Kijana anayejifunza haanzi na jembe, anaanza na mpini mtupu, kwa sababu meno yake bado anayahitaji. Akishazoea mpini ndipo anapewa jembe zima, na hapo anagundua kwamba amepewa kitu kingine kabisa. Uzito wote uko kwenye chuma. Ukilirusha, chuma kinakaa kama katikati na mpini ndio unaokizunguka, kwa hiyo jicho la mwanafunzi linavutwa na chuma kwa sababu ndicho kinachotisha, wakati mkono wake unapaswa kuungoja mpini. Kumfundisha kijana akiache chuma kipite na aungoje mpini mahali utakapofika, na afanye hivyo bila kuipoteza ngoma miguuni, ni kazi ya miezi. Waliowahi kuifundisha kazi hii wamekaa hapa, wengine mikono yao ina makovu.

Halafu kuna suala la Bagika na Bagalu. Katika karne ya 19 walikuwako waganga wawili wakubwa, Ngika na Gumha, na kila mmoja alidai dawa yake ya ngoma ndiyo yenye nguvu. Njia ya kuujua ukweli ikawa moja: mkutane uwanjani. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, na mpaka leo kikundi cha ngoma cha Msukuma kinaulizwa kwanza kiko upande gani. Ukija kwenye mashindano ya desturi yetu hukuti meza ya majaji wenye karatasi. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wapo katikati. Watu ndio jaji, na wanahukumu kwa miguu. Upande mmoja ukitoa wimbo mpya unaochoma, kundi zima la watazamaji linahama. Upande wa pili ukitoa chatu, au sanamu la mti linalochezeshwa viungo kama mtu, watu wanarudi mbio na vumbi linatimka. Atakayebaki na watu wengi jua linapotua, ndiye aliyeshinda.

Vijana, naomba muifikirie vizuri desturi hii, kwa sababu humo ndimo siri yote ilimo. Kikundi ambacho kila saa kinaweza kuachwa peke yake uwanjani hakiwezi kulala. Mwaka jana ulishinda kwa wimbo gani? Mwaka huu watu wote wanaujua, na wapinzani wako wameshautungia jibu. Lazima utunge mwingine. Lazima ubuni mtindo ambao haujaonekana. Kwa hiyo anaponijia mtu akasema mila ni kitu kisichobadilika, tukifuate kama kilivyo, mimi namwambia mababu zetu hawakuishi hivyo. Walibadilisha kila msimu, na walibadilisha kwa sababu wasipobadilisha watazamaji wangeondoka.

Bulabo yenyewe ni ubunifu wa namna hiyo. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo inaadhimishwa na Wakatoliki dunia nzima. Lakini ni hapa Bujora, enzi za Padri David Clement, yule Mkanada wa Mapadri Weupe ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, ambapo maandamano ya Ekaristi yalikutana na ngoma za Bagika na Bagalu. Kabla ya hapo wamisionari wengi walizitazama ngoma zetu kwa jicho baya kwa sababu ya dawa zake. Fumbuka akakaa na wazee, akauliza, akaandika, akakusanya ngoma za watemi na vifaa vya vyama vya ngoma, na mwaka 1968 makumbusho haya yakawa wazi. Msimu nao ukasaidia: ni Juni, mavuno yamekwisha ingia ghalani, pamba inaanza kuuzwa, watu wana nafasi na wana kitu mfukoni. Leo Msukuma anaona kama Bulabo ilikuwapo tangu dunia kuumbwa. Wengi waliocheza Bulabo za mwanzo walikuwa vijana, na baadhi ya mabibi na mababu walioko mbele yangu ndio hao.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Tangu uhuru ngoma zetu zimepata heshima kubwa, na sitaki kuonekana kama naikataa. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya kabisa ya utamaduni wa taifa na vijana. Angalieni alivyoviweka pamoja: utamaduni na vijana, nyumba moja. Aliwauliza wasomi wa wakati ule, tunajua kucheza rumba na twisti, ni wangapi wetu wanaojua mangala au lele mama? Baada ya hapo ngoma za makabila zikapandishwa kwenye majukwaa ya taifa. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, na bugobogobo ikafundishwa kwa kijana wa Tanga, wa Lindi na wa Unguja. Nimewaona vijana wasiojua neno moja la Kisukuma wakilirusha jembe vizuri kuliko watoto wa hapa Kisesa. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini jukwaa lina bei yake. Ngoma iliyokuwa inatoka asubuhi mpaka jua linazama imepewa dakika saba. Ngoma iliyokuwa inamtaja mwenye shamba mdanganyifu, sasa inamsifu mgeni rasmi. Mnajua ninachosema. Kikundi kinaitwa saa mbili asubuhi, kinasimama juani mpaka saa saba mgeni anapofika, kinapiga ngoma wakati anashuka kwenye gari, jina lake limeshachomekwa kwenye wimbo uleule ambao mwezi uliopita ulikuwa na jina la mwingine, halafu mshereheshaji anasema, asanteni sana, tuendelee na ratiba. Vijana wanapewa soda na nauli isiyotosha kurudi. Mwaka unapita, wimbo ni uleule, mtindo ni uleule, kwa sababu hakuna anayeweza kuondoka uwanjani akawaonyesha kwamba wamechosha. Mgeni rasmi hawezi kuhama. Amekaa kwenye kiti chake na atatabasamu hata mkicheza vibaya.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka wazee na viongozi wa vikundi mwichukue nyumbani: iko ngoma ya mapokezi na iko ngoma ya mashindano. Ya mapokezi inatunza hatua na mavazi. Njuga zinalia, kaniki zimefungwa vizuri, picha zinapendeza. Ya mashindano ndiyo inayotunza utunzi. Na kijana mwenye akili na damu inayochemka, ukimpa ya mapokezi peke yake, atakwenda kutafuta mahali pengine pa kushindana. Tusishangae.

Na kweli ameshapatafuta. Nendeni Kahama, nendeni Shinyanga mjini, nendeni hapa Mwanza. Kuna vijana wanarekodi nyimbo kwa Kisukuma wakiwa na kinanda na gitaa la umeme, wanaziita nyimbo za asili, na video zao zinatazamwa na wachungaji wa ng'ombe walioko Katavi, na madereva wa malori, na Wasukuma walioko ughaibuni. Wanaalikwa kwenye harusi, minadani, kwenye sherehe za mavuno. Baadhi ya wazee wenzangu wanasema hiyo siyo ngoma. Nawaomba msikilize tena. Sikilizeni mpangilio: mmoja anatoa, wengi wanaitikia. Sikilizeni wanavyojisifu kwa ukoo, wanavyomtaja tajiri wa ng'ombe, wanavyowajibu wapinzani wao wa studio nyingine. Ni Bagika na Bagalu tena, na watu bado wanahukumu, safari hii kwa kidole.

Nina shaka moja nao, na vijana wa studio mlioko hapa mtanivumilia. Maneno yanapungua. Kinanda kinajaza nafasi ambayo zamani ningi alilazimika kuijaza kwa mafumbo. Wigashe, ngoma ile ya kukaa, inamlazimu mtunzi asimame kwa maneno peke yake: watu wamekaa, miili inayumba, hakuna jembe la kurusha wala chatu wa kutoa. Maneno yakiwa mepesi, yanaonekana mepesi. Ninapenda kila kijana anayetaka kutunga kwa studio apitie kwanza kwenye wigashe, akae na wazee, ajifunze kwamba mtu anaweza kumkosoa mwenye nguvu mbele yake na mwenye nguvu akacheka kabla hajaelewa kilichomkuta. Hilo huwezi kuliokota kwenye simu. Hatua utaziokota, mavazi utayaona, lakini fumbo limekaa kwa mtu.

Ni vivyo hivyo kwa bayeye, chama cha wacheza ngoma na nyoka. Mtoto akiona mchezaji amejifunga chatu kiunoni, anadhani ujasiri ndiyo sanaa yenyewe. Chama kile kilikuwa chama cha watu wanaojua nyoka: nani ana sumu na nani hana, anakaa wapi, anakasirika vipi, dawa gani inafuata akiuma. Ngoma ilikuwa ndiyo tangazo lao. Kazi yao ilikuwa kwenye mashamba na vichaka ambako watu waliumwa. Sasa naona video za vijana wanaomshika swila ili wapate watazamaji. Nasema wazi: anayemshika nyoka bila kufundishwa na wenye chama hajabeba mila yoyote, amebeba kifo. Na akiumwa, akimbizwe hospitali moja kwa moja. Wazee wa bayeye waliopo hapa hawatakasirika nikisema hivyo.

Mashamba nayo yamebadilika. Wengi wenu mnalima kwa plau la ng'ombe, wengine kwa trekta la kukodi, na wengi hamlimi, mko vyuoni au kwenye bodaboda. Mnacheza kazi ambayo hamkuifanya. Siwalaumu, lakini nasema itafuteni hata mara moja kwa mwaka. Kuna vikundi ambavyo kabla ya msimu wa ngoma huchukua palizi ya shamba moja, wote kwa pamoja, kwa wimbo. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya picha, wanalipwa kweli na shamba linapaliliwa kweli. Ukiwatazama wakicheza baadaye utawatambua mara moja, kwa sababu jembe lao linashuka na uzito. Jembe la kikundi kilichojifunzia ukumbini linashuka kama fimbo.

Nigusie pia dada zetu, kwa kifupi kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Mistari yetu imejaa wasichana. Wanacheza, wanaitikia, wanashona mavazi, wanapika siku ya mazoezi. Kipaza sauti kinashikwa na mwanamume. Sauti za wanawake ndizo zilizolea watoto wa Usukuma kwa nyimbo, na bagikulu walioko hapa wana hazina ya tungo za kusagia na kutwangia ambazo hakuna mwanamume anayeweza kuzimaliza. Kikundi kitakachomtoa ningi msichana mwaka huu, akaachiwa atunge anachotaka, kitahamisha watu. Nawaambia kama mtu niliyetazama mashindano mengi: watu huhamia kwenye kitu ambacho hawajakisikia.

Tena tusiwasahau watoto wetu walio mbali. Wasukuma tumesambaa na ng'ombe wetu hadi Rukwa, Katavi, Usangu, bonde la Kilombero, mpaka Lindi. Kuna kijana wa miaka 20 amezaliwa huko, Kisukuma anakisikia kwa baba na mama peke yao, na shuleni anataniwa kwa jina la kabila lake. Kijana huyo akija Bulabo mara moja katika maisha yake, anachokiona ni kwamba lugha anayotaniwa kwayo inaweza kusimamisha uwanja mzima. Vikundi vya hapa, pokeeni vijana hao kwenye mazoezi. Msiwacheke wakikosea matamshi.

Wazee wangu, tunayo methali tunayoipenda: ngoma ya watoto haikeshi. Tumeitumia sana kuwanyamazisha. Lakini basumba walikesha. Walilima mchana, wakacheza usiku, wakaamka na kulima tena, na hakuna aliyewaambia ngoma yao ni ya kitoto. Kilichotokea ni kwamba tulipoanza kupata mialiko, na mialiko ikaja na posho, uongozi wa vikundi ukawa na faida, na sisi wenye umri tukaukalia. Leo una kikundi ambacho mwenyekiti ana miaka 70, katibu ana miaka 65, mweka hazina ni mkwe wa mwenyekiti, na vijana 20 wanaocheza hawajui kikundi kililipwa kiasi gani kwa onyesho la jana. Kijana wa namna hiyo akiondoka kwenda studio, nani amemfukuza?

Kwa hiyo nina maombi, na mengine yanaweza kuanza Bulabo hii hii. Kila kikundi kiwape vijana wake zamu nzima ya uwanja. Zamu nzima, mchana, watu wakiwapo, siyo asubuhi mapema wakati viti vinapangwa. Wamchague nsumba ntale wao, watunge wimbo wao, waamue wenyewe wavae nini na watoke na kioja gani. Mzee asiingie kuwasahihisha mpaka wamemaliza. Watazamaji watawasahihisha. Wakiachwa peke yao uwanjani, watajifunza kwa siku moja kitu ambacho sisi tungewafundisha kwa miaka mitatu wasikielewe.

Hesabu ya kikundi isomwe mbele ya wachezaji wote, na aliyecheza alipwe kabla ya aliyekaa. Mcheza kwao hutunzwa. Tunzo hilo limfikie mchezaji mwenyewe.

Vijana nanyi mna deni. Simu mnazo. Kabla msimu huu haujaisha, kila mmoja wenu amtafute mzee mmoja, babu au bibi, aketi naye, awashe simu, amuulize wimbo mmoja tu: ulitungwa na nani, ulitungwa kwa ajili ya nani, lile fumbo la mstari wa tatu lilimlenga nani. Msitosheke na kumrekodi akiimba. Mrekodini akieleza. Nyimbo zilizoimbwa kwenye rekodi tunazo. Wenye kujua kwa nini zilitungwa ndio tunaowazika kila mwaka. Na mkirusha video mtandaoni, andikeni jina la kikundi, kijiji, na jina la ningi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, lakini sheria haiwezi kumtambua mtu ambaye hata wenzake hawakumtaja. Nimeona nyimbo za vijana wa wilaya hii zikipigwa kwenye matangazo ya biashara bila jina, bila shilingi.

Kwa viongozi wa serikali mlioko nasi, ombi langu ni dogo. Mnapotualika kwenye mapokezi, tutakuja, ni heshima. Ila mara moja kwa mwaka, katika kila wilaya, tupeni uwanja, maji ya kunywa na ulinzi, halafu msipange ratiba. Waacheni Bagika na Bagalu washindane kwa desturi yao mpaka jioni. Njooni kama watazamaji, bila viti, ili na ninyi muweze kuhama.

Nimezungumza na wanaoandaa uwanja. Wamekubali kwamba siku ya pili ya ngoma, zamu ya saa nane mchana itakuwa ya vikundi vya vijana, pande zote mbili kwa wakati mmoja, bila majaji. Nyasi kavu za kukazia ngozi za ngoma zitakuwapo tayari nyuma ya jengo la vyama vya ngoma, kwa hiyo msiwashe moto karibu na mahema kama ilivyotokea safari iliyopita. Majembe yakaguliwe mipini kabla ya kuingia. Jembe lililolegea chuma lisirushwe mbele ya watoto.

Nami nakaa sasa. Anayefuata kuzungumza ni nsumba ntale wa vijana wa hapa Kisesa, na baada yake msichana anayeongoza wimbo upande wa Bagalu. Naomba wazee tuwasikilize mpaka wamalize, na mjadala ukifunguliwa, mkono wa kwanza uwe wa kijana.

Wabeja sana.